Upande wa Kushoto

Waliobuni desturi ya kutoandika ombi kwenye kibao cha sala walikuwa watu wa kiburi, na Kanjiro aliwalaani kimoyomoyo kila alipopanda ngazi za hekalu. Kwenye mahekalu mengine mtu huandika mpaka anachoka: jina la shule, alama anazotaka, hata ugonjwa wa mama mkwe. Kwao Yamase, juu mlimani, kibao huandikwa jina, nyumba na mwaka wa kuzaliwa, basi. Mungu si karani wa kusomewa barua, walisema wazee wa zamani. Ombi lako linajulikana kwa upande ulipotundika. Chanja ya kulia, ile fremu ya mbao ya kutundikia vibao, ni ya Tenjin, mungu wa elimu, nayo ni ya wanaofanya mitihani. Chanja ya kushoto ni ya Hachiman, mungu wa ulinzi, nayo ni ya wagonjwa, wazee, na yeyote anayetaka kubaki salama alipo.

Kanjiro alikuwa mtunzaji wa hekalu lile kwa miaka thelathini na mmoja. Kuhani mwenyewe, Bwana Uemori, alihudumia mahekalu kumi na manne kwa kigari chake cheupe na Yamase alifika mara nne tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ni Kanjiro aliyefagia, aliyebadilisha maji, aliyemsugua yule ng'ombe wa mawe ambaye watoto humpapasa kichwa ili wapate akili. Zamani kichwa cha ng'ombe huyo kiling'aa kama sahani. Sasa kilikuwa kimeota kuvu, maana kijijini alikuwa amebaki mtoto mmoja tu wa shule.

Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake, Mizuho, miaka kumi na mitano.

Ndani ya stoo ya hekalu, nyuma ya ngoma, kulikuwa na vibao arobaini na sita vimepigiliwa ukutani. Ni vya waliofaulu. Desturi ya pale ni kwamba aliyefaulu huja mwenyewe, hukigeuza kibao chake na kuandika shukrani mgongoni, kisha mtunzaji hukihifadhi. Aliyefeli haji. Mtunzaji hukitoa kibao chake asubuhi mapema kabla watu hawajaamka, akakichoma nyuma ya hekalu, na habari inaishia hapo. Kanjiro aliijua kila shukrani iliyokuwa ukutani. Mwanawe wa kwanza, Eiji, alifaulu akaenda Nagoya. Bintiye alifaulu, akaenda Osaka, akaolewa, akazaa Mizuho, akafa kwa maradhi mtoto akiwa na miaka sita, na mtoto akaletwa kwa babu yake. Wengine wote walifaulu pia, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Kanjiro aliwaombea kwa moyo mweupe mmoja baada ya mwingine, na kijiji kikaisha mikononi mwake.

"Huyu Tenjin wenu ni mwizi," mkewe Fumie alikuwa akisema enzi za uhai wake. "Unampa mtoto na sadaka juu."

Walicheka siku hizo. Nyumba zilikuwa bado na taa.

Mizuho alitundika kibao chake tarehe saba Januari, jioni, theluji ikianguka. Alikuwa ametoka shuleni bondeni na basi la mwisho, akapanda zile ngazi mia moja na kumi na mbili huku mkoba ukimpiga mgongoni, akapiga makofi mawili mbele ya mungu, akatundika, akashuka mbio kwa sababu ya baridi. Alifika nyumbani pua nyekundu, akaingiza miguu chini ya blanketi la meza ya moto, ile yenye kipasha joto chini yake.

"Nimeshatundika, Babu. Sasa kazi imebaki kwa Tenjin."

"Na kwako je?"

"Mimi nimefanya yangu. Hesabu nimezisoma mpaka nimeziota. Jana nimeota pembetatu inanifukuza."

"Ilikukamata?"

"Ilikuwa na miguu mitatu, ningeishinda vipi?"

Kanjiro alicheka mpaka akakohoa. Akamwekea supu, akamtazama akinywa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Shule aliyoiomba ilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu, ya bweni. Sekondari ya juu ya bondeni ilikuwa imefungwa miaka miwili nyuma, imebaki ile ya chini aliyokuwa akimalizia. Mizuho angeondoka Aprili. Angerudi sikukuu, kisha sikukuu mojamoja, kisha angetuma kadi ya mwaka mpya kama baba yake, ambaye alikuwa na mke mwingine na watoto wengine na mwandiko mzuri sana.

Kesho yake asubuhi Kanjiro alipanda kwenda kufagia theluji. Chanja ya kulia ilikuwa na kibao kimoja tu: Mizuho, nyumba ya Kanjiro, na mwaka. Chanja ya kushoto ilikuwa na vibao tisa, vya wazee watupu. Alisimama pale ufagio mkononi. Hakuwa amepanga lolote, na hili alilisema moyoni mwake mara nyingi baadaye, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza. Alikifungua kile kibao, kamba yake ikiwa ngumu kwa barafu, akavuka hatua nne, akakitundika kushoto.

Kisha akafagia.

Hakuwa mtu wa imani kubwa, tusimsingizie. Aliitunza nyumba ya miungu kama wengine wanavyotunza ghala la ushirika, paa lisivuje na panya wasizidi. Alijiambia kwamba ni kipande cha ubao tu. Kwamba kumwombea mtoto ulinzi si kumroga. Kwamba atakirudisha kesho. Lakini kesho yake theluji ilizidi na goti likamkataa, na kesho kutwa akasema kesho.

Tarehe ishirini na tano Februari kuhani Uemori alipanda kwa ajili ya sikukuu ya mplamu. Mti wenyewe ulikuwa umetoa maua machache ya kujionyesha. Walihudhuria wazee saba. Mizuho alikuwa shuleni. Kanjiro alikuwa amedhamiria kukirudisha kibao asubuhi ile kabla watu hawajafika, ila Masae, jirani yake wa miaka mingi, alimtangulia kwenye ngazi akiwa na birika la pombe tamu ya mchele, akakaa palepale kati ya chanja mbili akilalamikia miguu yake.

"We Kanjiro, mbona unazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga? Kaa chini unywe."

Akakaa. Akanywa. Na kuhani akaanza kusoma.

Aliisogelea chanja ya kulia, akaikuta tupu. Akasoma sala ya elimu hata hivyo, kwa heshima, bila jina. Kisha akageukia kushoto akasoma majina moja moja kwa sauti yake ya puani: Masae wa nyumba ya daraja, Hosokawa wa nyumba ya juu, na wengine, na mwisho kabisa Mizuho wa nyumba ya Kanjiro. Walindwe hawa, alisema, wasitoke mkononi mwako, wakae majumbani mwao, miguu yao isiende mbali.

Kibao kikishasomwa mbele ya miungu hakihamishwi tena mpaka jambo lake litimie. Hilo hata mtoto wa Yamase alilijua, wakati Yamase ilipokuwa na watoto.

"Eh!" Masae alimpiga kiwiko. "Mizuho kasomwa na sisi vikongwe! Kati ya goti langu na figo za Hosokawa! Kafanyaje tena?"

"Kuhani kachanganya," Kanjiro alisema.

Masae alimtazama. Akaitazama chanja. Kisha akamwaga pombe iliyobaki kikombeni mwake juu ya theluji na hakuuliza tena.

Mtihani ulikuwa wiki ya pili ya Machi. Kanjiro aliamka saa kumi alfajiri kumfungia matonge ya wali yenye plamu ya chumvi ndani, matatu, ingawa Mizuho hula mawili. Alimsindikiza mpaka kituoni. Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, yamekaa kwenye ulimi, na basi lilipokuja akasema, "Umebeba raba?"

"Nimebeba mbili, Babu. Acha wasiwasi, utazeeka."

Siku nzima alijikaza kisabuni. Alikata kuni ambazo hazikuhitajika. Mizuho alirudi na basi la mwisho, akavua viatu polepole, akakaa sakafuni mlangoni na koti lake.

"Vipi?"

"Kichwa kilikuwa cheupe, Babu."

"Cheupe vipi?"

"Cheupe tu, kama karatasi." Alijaribu kucheka. "Kijapani na sayansi sawa. Zikaja hesabu. Nimesoma swali la kwanza, nikalielewa, halafu ghafla nikaanza kukuwaza wewe. Nikakuona umeanguka kwenye zile ngazi, umelala na goti lako, na hakuna mtu wa kukuona mpaka kesho. Nikajiambia, soma swali. Nikakuona tena. Nimekaa hivyo mpaka wakasema wekeni kalamu chini."

Kanjiro aliinama kupanga viatu vya mjukuu wake, vikitazama nje kama inavyotakiwa. Alivipanga kwa muda mrefu.

"Tonge la tatu nimekuletea," Mizuho alisema.

Majibu yalitoka siku nane baadaye, saa tatu asubuhi, kwenye simu. Mizuho aliyatazama amesimama jikoni. Aliweka simu juu ya meza, uso chini, akamimina chai, akainywa yote, akasema, "Namba yangu haipo," akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Shule binafsi hawakuweza kulipia. Kurudia mwaka kule kwao ni jambo ambalo watu hawalifanyi, na anayelifanya hutembea akiinamisha kichwa. Ilibaki sekondari ya kusoma nyumbani, ya kutumiwa makaratasi kwa posta. Yote haya Kanjiro aliyajua kabla ya namba kukosekana. Aliyajua Januari, ufagio mkononi.

Alivaa koti ili akatimize kazi ya mtunzaji. Alipaswa kukitoa kibao kesho alfajiri, lakini hakuweza kungoja, alitaka kikaungue sasa hivi, kiishe, pasiwe na ushahidi hata mbele ya macho yake mwenyewe. Goti lilikuwa limevimba. Alipanda akishika ukuta, akapumzika mara nne. Alipopita lango la mawe akamkuta Mizuho amemtangulia. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma, akapanda kwa njia ya msituni, na viatu vyake vya shule vilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo.

Alikuwa amesimama mbele ya chanja ya kulia.

"Hakipo," alisema bila kugeuka. "Babu, umeshakichoma?"

"Mwanangu, twende nyumbani."

"Nilitaka nikichome mwenyewe. Najua si desturi. Lakini nani ataniona? Nimebaki mimi tu." Akageuka, na macho yake yakapita juu ya chanja ya kushoto, yakarudi. Akasogea. Akakishika kile kibao, akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya Kanjiro. Sentensi moja tu ilihitajika, na alikuwa nayo, alikuwa ameitengeneza tangu Februari, akiirudia kwenye kufagia na kwenye kuoga. Mimi ndiye niliyekihamisha. Alifungua mdomo.

Mizuho alipiga kicheko. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, cha mtu mzima.

"Nilikosea upande," alisema. "Jamani! Babu, ona. Ile jioni theluji ilikuwa inaniingia machoni, nikatundika na kukimbia. Mjukuu wa mtunzaji wa hekalu, kakosea upande!" Akaketi kwenye kidato cha ngazi, akajifunika uso na kile kibao. "Miezi miwili nimemwomba Hachiman anibakize nyumbani. Mpumbavu mimi. Nimejifelisha mwenyewe."

"Si kosa lako," Kanjiro alisema.

"La nani basi?"

Upepo ulitikisa vibao vya wazee, vikagongana. Kanjiro aliwaza: nikisema, ataondoka. Si kwenda shule, hata shule hakuna, ataondoka tu, atakwenda kwa baba yake au popote pale, na hatanitazama tena. Lilikuwa wazo la woga na alilijua kuwa la woga. Akalimeza na mate yake.

"Theluji," alisema. "Theluji ilikuwa nyingi siku ile."

Mizuho alitingisha kichwa akikubali. Akafuta pua kwa mkono wa koti, akainuka, na alipoona namna babu yake anavyoshika nguzo akampa bega lake. Walishuka hivyo, ngazi mia moja na kumi na mbili, mtoto akihesabu kwa sauti ili mzee asikosee kidato.

Masae alikuja siku ya tatu na chungu cha viazi vya kuchemsha. Alingoja Mizuho aingie ndani.

"Mimi najua kusoma, Kanjiro," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya mplamu nilikiona kibao kilivyofungwa. Fundo lile ni lako, la mkono wa kushoto, nimeliona kwenye magunia yako miaka hamsini."

Kanjiro alikipokea chungu.

"Sitasema. Nimsaidie nini nikisema? Ila usinisubiri kwenye ngazi tena."

Na kweli Masae hakupanda tena. Vuli ile mwanawe wa Osaka alikuja kumchukua, na taa ya nyumba ya darajani ikazimwa. Hosokawa alikufa kabla ya mwaka mpya. Bondeni, shule ya Mizuho ya zamani ilifungwa kwa sherehe fupi, meya akahutubia, mtu akapiga picha.

Mizuho alisoma zile karatasi za posta mwaka mmoja. Kwanza alizijibu siku zilipofika. Baadaye zilikaa mezani wiki. Baadaye bahasha zilirundikana kwenye rafu hazijafunguliwa, na Kanjiro alipouliza alijibiwa, "Nitazifanya, Babu," kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. Hakulia wala kugombana. Alipika, alifua, alimpaka babu yake dawa ya goti. Kanjiro alikuwa amepata alichokitaka, kipo ndani ya nyumba, kinapumua, na kila siku kilikuwa kinazimika kidogo mbele yake. Mara mbili alijaribu kusema. Mara ya kwanza Mizuho alikuwa anamkata kucha za miguu, na mara ya pili alikuwa amelala.

Goti lilipokataa kabisa ngazi za kila siku, Mizuho aliichukua kazi ya hekalu. Bwana Uemori alimletea vazi jeupe na sketi nyekundu ya mabinti wa hekalu, akamsifu mbele ya babu yake. "Bahati iliyoje," alisema. "Kila mahali vijana wanakimbia. Wewe umebakiwa na mmoja. Umeomba nini, mzee, nikawafundishe wengine?"

Kanjiro aliinamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka.

Sasa Mizuho ana miaka kumi na saba. Mwezi wa Januari wazazi wachache hupanda kutoka mjini, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba Tenjin wa Yamase hajawahi kukataa. Siku hizo Kanjiro hujikokota na mjukuu wake hadi juu, huchukua ufagio mfupi na kufagia pasipo na uchafu. Juzi alikuja mama mmoja na bintiye mwenye miwani, wamenunua kibao, wamekiandika, wanazubaa kati ya chanja mbili.

"Kulia, mama, kulia!" Mizuho aliwaita kutoka dirishani, akicheka. "Angalieni sana! Mimi nilitundika kushoto kwa haraka zangu, na mnaniona niko wapi. Wenzangu wako mjini wanasoma, mimi na ufagio!"

Mama akacheka, akiziba mdomo. Binti mwenye miwani hakucheka. Alikifunga kibao chake kulia, akalivuta fundo mara tatu kuhakikisha.

"Ulikosea kweli, dada?" aliuliza.

"Kweli kabisa. Muulize mzee pale, ni babu yangu, alikuwepo." Akamgeukia, uso wake ukiwa bado na kile kicheko ambacho amejifunza kukivaa pamoja na sketi nyekundu. "Si ndiyo, Babu?"

Kanjiro aliacha kufagia. Wote watatu walikuwa wakimtazama, wakingoja.

"Ndiyo," alisema. "Theluji ilikuwa nyingi."